Dar hadi Matema kwa gari na marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo ikikaribia, kuna kundi la marafiki linalopanga kwenda "kusini kule" kwa gari, na maswali huwa yaleyale. Majibu haya ni kwa ajili ya watu wanne au watano kwenye gari moja, wanaosafiri kwa kutembea na kula. Kama mnawahi msiba au kikao, pandeni basi.

Njia yenyewe ni ipi?

Ni barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mnapita Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mnapanda mlima wa Kitonga, mnafika Iringa, kisha Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala hadi Uyole. Hapo Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, mnakata kushoto kwenda Tukuyu, mnashuka Kyela na kumalizia Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa.

Kwa makadirio, Dar hadi Morogoro ni kilomita 190, hadi Iringa 500, hadi Mbeya 830. Kutoka Uyole hadi Matema ongezeni kama 130.

Siku ngapi zinatosha?

Saba. Najua kuna mtu atasema yeye hutoka Dar alfajiri na usiku yuko Mbeya, na ni kweli, hata mabasi hufanya hivyo. Lakini mtu huyo hana cha kukusimulia zaidi ya matuta na malori.

Mpango ninaoupendekeza: siku ya kwanza lala Iringa, na ya pili pia Iringa. Ya tatu nendeni Tukuyu, mlale huko. Ya nne asubuhi mtembee Rungwe, jioni mshuke Matema. Ya tano msiguse gari. Ya sita mrudi hadi Iringa, ya saba Dar. Mkiwa na siku tano tu, futeni Matema mbaki na Iringa na Tukuyu. Kuzibana zote ndani ya siku tano ni kulipia mafuta ili mkaangalie dirishani.

Tuondoke saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri gari liwe limeshawaka. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, ila malori ya bandarini hayajapungua, na kuanzia Mlandizi hadi Chalinze mtayakuta yamejipanga. Mpitieni kwanza yule rafiki wa "niko njiani" wakati bado yuko kitandani. Kila kundi linaye.

Chai tunywe wapi?

Morogoro, na chai maana yake supu. Mkitoka Dar saa kumi na moja mtafika Morogoro mida ya saa mbili na nusu, na hapo njaa ni ya kweli. Tafuteni sehemu yenye supu ya mbuzi au ya kongoro, chapati zinazotoka kwenye kikaango, ndimu na pilipili mezani. Kipimo changu ni kimoja: madereva wa malori wakiwa wamejaa, kaeni. Pakiwa na viti vitupu saa tatu asubuhi, kuna sababu.

Chalinze watawafuata dirishani na mayai ya kuchemsha, korosho, mahindi ya kuchoma na mananasi ya Kiwangwa. Nunueni korosho na mayai muendelee. Nanasi litakatwa vipi ndani ya gari, na nani atakaa na ile maji mapajani?

Morogoro kwenyewe, na milima yake ya Uluguru, panastahili safari yake peke yake. Safari hii ni ya kupita tu.

Mikumi, ni lazima kulipia ili kuona wanyama?

Hapana, kama mnapita tu. Barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kwenye majani ya pembeni ni kawaida kuona swala, pundamilia, twiga na nyani. Tembo na nyati hutegemea bahati na saa. Asubuhi na jioni ndiyo nyakati zake. Mnalipia pale mnapokata kuingia getini kwenye njia za ndani, na hapo mnahitaji angalau nusu siku.

Mwendo uwe wa vibao, si wa hisia. Kugonga mnyama kuna faini, na kwa mnyama mkubwa inatajwa kwa dola, kwa hiyo hakuna mchango wa kikundi utakaoitosha. Msishuke kwenye gari kwa ajili ya picha. Msiwarushie nyani maganda ya ndizi: nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na anayekaa barabarani hugongwa.

Mnaopenda kutembea kwa miguu kuliko kukaa garini, mji wa Mikumi una njia inayokata kwenda Ifakara. Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ni kama kilomita 60 huko, na maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170. Mkichagua hilo, ongezeni usiku mmoja.

Kitonga inatisha kama wanavyosema?

Inataka heshima, basi. Kabla yake mnapita bonde la mibuyu kando ya Ruaha Mkuu, joto limekaza, kisha ghafla barabara inaanza kupanda kwa kona kali na malori yanatambaa kama vile yamesimama. Fuateni lori kwa subira. Ajali za pale nyingi zina mtu aliyetaka kulipita lori kwenye kona asiyoiona mbele. Wakati wa kurudi, mkishuka, wekeni gia ndogo injini iwashikilie gari, maana breki zikichemka hapo hakuna pa kuegesha kwa raha.

Mwenye gari asione haya kumwachia usukani rafiki mwenye uzoefu wa milima. Heshima ya mtu haipimwi Kitonga.

Mchana tule wapi siku ya kwanza?

Swali hili linaleta ugomvi kuliko yote. Kuna wanaotaka nyama choma Mikumi mjini na wanaotaka kusubiri Iringa. Mimi ni wa Iringa. Ukila kilo ya mbuzi na ugali Mikumi saa sita, nusu ya gari linalala kabla ya Ruaha Mbuyuni, na dereva naye anasinzia. Kuleni vitu vyepesi njiani: ndizi, mayai yenu ya Chalinze, muhogo wa kuchoma. Kisha pigeni simu Iringa mapema mkaagize kuku wa kienyeji.

Simu hiyo ni muhimu. Kuku wa kienyeji anataka zaidi ya saa moja kuiva vizuri, na mkifika bila kuagiza mtaletewa wa kizungu aliyevalishwa mchuzi wa mwenzake. Pale Iringa kuku huyo huja na ugali, maharage na mboga za majani, na kwa kuwa mji uko juu ya mita 1,500 na jioni kuna ubaridi, ugali wa moto unakaa mahali pake.

Iringa kuna nini cha kuona zaidi ya baridi?

Kwanza jueni kwamba barabara kuu haipiti mjini. Inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu kilimani. Wengi hulala Ipogolo kwenye vumbi la malori wakidhani wameshafika Iringa.

Kabla hata ya kufika, kando ya barabara, iko Lugalo. Watu wa Dar wanalijua jina hilo kwa kambi na hospitali ya jeshi, lakini Lugalo yenyewe ni hapa: Agosti 1891 wapiganaji wa Wahehe wa Mtwa (mtawala) Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Pana mnara wa kumbukumbu. Simameni dakika kumi.

Kesho yake nendeni Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha. Ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyoanguka mwaka 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898 alipojiua kuliko kukamatwa, na Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Fuvu hilo lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, ambapo Ujerumani ilitakiwa kulirudisha. Lilirudi mwaka 1954 kutoka Bremen, na liko ndani ya makumbusho ya Kalenga. Jengo ni dogo na mtakaa humo kama nusu saa. Mwacheni mwongozaji aongee amalize. Msimkatishe kwa simu na picha. Na kabla ya kulipiga fuvu picha, ulizeni. Ni mtu, na ukoo wake upo.

Mchana shukeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, pembeni kidogo ya barabara ya Mbeya. Zana za mawe za watu wa kale zimelala chini palepale zilipokutwa, na bondeni kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko nyumba. Bebeni maji na kofia, kwani kivuli ni kidogo.

Jioni pandeni jiwe la Gangilonga, ambako inasimuliwa Mkwawa alikuwa akienda kutafakari. Mji wote unaonekana. Msibebe chupa mkaziacha juu. Wameshafanya hivyo wengine wa kutosha.

Kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo. Chakula inakuwaje?

Haina shida mkisema mapema. Nyanda za juu kusini kitimoto ni kingi, na baadhi ya sehemu hupika kila kitu jiko moja, kwa hiyo anayekula halali ana haki ya kuuliza nani kachinja na kikaango ni kipi. Mwulizieni, asiachiwe aulize peke yake kila mara kana kwamba anawasumbua. Miji yote ya njiani ina migahawa ya Waislamu, na madereva wa mabasi wanaijua. Wapenda kitimoto watakula siku nyingine jioni, meza nyingine, na urafiki utabaki. Mkisafiri Ramadhani, chagueni nyumba ya wageni itakayokubali kuwapikia daku, au bebeni tende na chupa ya chai.

Na ulanzi?

Ulanzi ni pombe ya mianzi ya Iringa na Njombe, na hupatikana kwa wingi msimu wa mvua, mianzi inapogemwa. Wa asubuhi ni mtamu kama juisi na ndio huo unaodanganya wageni. Ukikaa hadi jioni unakuwa kitu kingine. Dereva asiuonje hata huo wa asubuhi.

Kati ya Iringa na Mbeya kuna cha kusimamia, au ni kukanyaga mafuta tu?

Kipo, ila kidogo. Mafinga kuna asali, na msimu wa mvua mtaona uyoga wa porini na matunda ya mikusu yamepangwa kwenye beseni kando ya barabara. Uyoga nunueni kwa mama anayeuuza kila siku na mupike jioni ileile. Mnapita misitu ya misonobari ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, halafu Makambako, halafu ardhi inashuka kwenye tambarare za Usangu, kwenye mpunga wa Mbarali. Chimala na Igurusi wanauza mchele barabarani. Wengine watasema ni wa Kyela. Nyie mnaenda Kyela, subirini.

Tukuyu na Rungwe tufanye nini kwa muda huo mfupi?

Chagueni kimoja kikubwa: Ziwa Ngozi. Liko ndani ya kreta, maji ya kijani chini kabisa, misitu pande zote. Mnakata kutoka barabara ya Tukuyu, mnaacha gari, mnapanda msituni kwa mguu hadi ukingoni. Chukueni kijana wa pale awaongoze. Njia zina utelezi na ukungu huingia bila hodi. Viatu vya raba vyenye meno, si malapa.

Asiyetaka kupanda aende Daraja la Mungu, pale mwamba wa volkano ulipojikunja juu ya mto Kiwira ukawa daraja bila fundi, na Kijungu, ambapo mto huohuo unajizungusha ndani ya shimo la mwamba. Kingo zake zina utelezi, kwa hiyo hakuna picha inayostahili kusogea hatua moja zaidi. Njia ni ya vumbi, na mvua ikinyesha inakuwa tope.

Mlima Rungwe wenyewe una mita 2,960 na unataka siku nzima na mwongozaji. Kwenye misitu yake anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimjua zamani.

Kula Tukuyu ni kula ndizi: za nyama, za maharage, mbalaga ya Kinyakyusa, na maziwa mgando pembeni. Parachichi ni za kumwaga. Agizeni ndizi jikoni kwa mama ntilie badala ya kwenye menyu ya hoteli. Hotelini watawaletea chipsi kwa sababu wanadhani ndicho watu wa Dar wanachokula, na kusema kweli hawajakosea sana.

Matema ina nini ambacho fukwe za Dar hazina?

Utulivu, maji yasiyo na chumvi, na milima ya Livingstone iliyosimama wima nyuma yako hadi inaonekana kama inataka kuingia ziwani. Samaki wa kuulizia ni mbasa, wa kuchoma au wa kukaanga, na wali wa Kyela ambao harufu yake inafika mezani kabla ya sahani. Wanawake wa Kikisi hutengeneza vyungu kando ya ziwa, na vyungu hivyo vinauzwa hapo. Vifungeni kwa nguo zenu chafu ili vifike salama.

Kyela ni bondeni na mbu wapo. Dawa ya mbu na chandarua ni lazima, hata kama mwenyeji wenu anasema leo hawapo. Mahali pa kuogelea waulizeni wavuvi.

Gari dogo linafika?

Linafika. Njia kuu yote ni lami. Gari la juu linasaidia kwenye njia za pembeni za Rungwe tu. Kinachohitajika zaidi ni matairi mazuri, spea yenye upepo, jeki, pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto na bima hai. Matrafiki wataviuliza. Kwenye vijiji vibao vya 50 vinafuatana na tochi za kupima mwendo zinawasubiri baada ya kona, kwa hiyo mmoja wa abiria apewe kazi ya kusoma vibao.

Usiku msiendeshe. Malori mabovu huegeshwa barabarani na matawi ya miti ndiyo taa zake.

Fedha tugawaneje bila kununiana?

Mtu mmoja awe mweka hazina, si mwenye gari. Kila mtu atume mchango wake wa mafuta na malazi kwenye simu ya mweka hazina kabla ya safari, asiyetuma hajathibitisha. Kwa kwenda na kurudi Matema pamoja na mizunguko ya njiani, hesabuni kilomita 2,000 hadi 2,200. Gari linalokula lita moja kwa kilomita kumi litataka lita 200 hadi 220. Zidisheni kwa bei kikomo ya mafuta ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ya mwezi huo, gawanyeni kwa vichwa. Mwenye gari asichangie mafuta, kwa sababu atabaki na matairi na sevisi mtakapokuwa mmeshamsahau.

Chakula kila mtu ajilipie. Mfuko wa pamoja wa chakula huvunjika siku ya pili, pale mmoja anapokula chai na maandazi na mwingine anaagiza nusu kuku. Pombe ndiyo kabisa.

Choo njiani?

Vituo vya mafuta vikubwa na sehemu mabasi yanaposimama kula. Kuchimba dawa porini kwa wanaume ni rahisi kusema, lakini mkiwa na kina dada kwenye gari pangeni vituo, na ndani ya hifadhi hakuna mtu kushuka. Bebeni karatasi, sabuni na maji.

Msimu gani mzuri?

Mei mwishoni hadi Oktoba njia za pembeni ni kavu. Juni na Julai Mafinga na Uyole kunakuwa baridi kali, bebeni makoti, si vile visweta vya ofisini. Mkipenda maua, Hifadhi ya Kitulo huchanua msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mnaikata kutoka Isyonje kwenye njia ya Tukuyu. Ila hapo mkubali tope.

Vya kubeba nyumbani tununue wapi?

Wakati wa kurudi, na kwa mpangilio huu: mchele Kyela, ndizi na parachichi Tukuyu, viazi mviringo Isongole au Uyole, nyanya Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mkinunua vitunguu wakati wa kwenda mtavizungusha kusini yote na gari litanuka hadi Pasaka. Kwa magunia ya lumbesa, kumbukeni mko watano na buti ni moja. Mkaa msibebe bila kibali. Vizuizi vya maliasili vinakagua.

Tunaweza kurudi kwa njia nyingine?

Mnaweza. Kutoka Iringa kuna lami hadi Dodoma, kama kilomita 260, inayopita juu ya bwawa la Mtera. Pale Mtera samaki wanakaangwa barabarani na wanaliwa hapohapo kwa chumvi na pilipili, na Dodoma msimu ukiwa umekaa mtapata zabibu. Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 nyingine kupitia Morogoro, kwa hiyo laleni Dodoma, safari iwe ya siku nane. Mkichagua njia hii mtakosa Kitonga, Mikumi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na vitunguu ndivyo mtakavyoulizwa nyumbani.